TAHARIRI: MSIBA USIWE SAA YA KULIPA KISASI



Katika mitaa ya Unga Limited, Ngarenaro na Sakina, na hata vijijini kwenye miteremko ya Mlima Meru, wako jirani zetu wengi waliobatizwa ambao hawampingi Mungu wala hawamtafuti. Tuwajibu namna gani?

Baadhi yetu tumekwisha kuwajibu kwa daftari la mahudhurio. Husikika maneno haya: “Huyu haonekani jumuiya, wala hatoi zaka, akifa, asizikwe na padre.” Hapo anayeadhibiwa si marehemu, bali mjane na yatima. Hilo ni jambo la haki, ndiyo maana Tume hii inalisema. Kanuni ya 1184 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawanyima maziko ya Kikanisa watu wachache tu, kama vile walioasi imani hadharani na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Nao ni pale tu ambapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba. Kukosa jumuiya na kuchelewa kutoa mchango hakukutajwa. Penye shaka, anayepaswa kuulizwa ni Askofu, si mwenyekiti wa jumuiya.

Nchi hii ya Meru inalo fundisho lake. Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili Walutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi, likachoma nyumba na kuteka ng’ombe. Je, ni nani aliyeongoka kwa moto ule? Mwaka 1902 wamisionari walirudi na kukaa Nkoaranga, wakafundisha na kuhudumia wagonjwa; ndipo Injili ilipoanza kuota mizizi. Watu wa wakati ule hawakuwa sawa na vuguvugu wa leo, lakini somo ni lile lile: moyo wa mtu haufunguki kwa adhabu.

Hatusemi kwamba yote ni sawa, wala kwamba tuache kuwaalika. Twasema tuanze kwa kuwajua. Mmoja alichoshwa na michango. Mwingine aliumizwa na neno letu wenyewe. Mwingine hupanga nyanya zake Soko la Kilombero kabla ya Misa ya kwanza. Je, kuna kiongozi aliyewahi kuwauliza?

Basi, wazee wa jumuiya, mtembeleeni mgonjwa asiyesali, mkiliacha daftari nyumbani. Mchimbieni kaburi na kuwafariji wafiwa, hata wasiporudi kanisani Jumapili ifuatayo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Baba yule wa Injili ya Luka, sura ya 15, alimkimbilia mwanawe kabla hajasikia neno lake hata moja la kuomba radhi. Nasi tumepokelewa hivyo hivyo.