Kufunga namba ya mbele kwenye gari la umeme

Kufunga namba ya mbele kwenye gari la umeme kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kwenye gari la petroli. Magari mengi ya umeme hayana shoo wazi ya kuingizia hewa kwenye rejeta. Bampa ni laini na imepinda ili kupunguza ukinzani wa upepo, hivyo kibao bapa hakipati pa kukaa. Sheria nazo hutofautiana: nchini Marekani, California na Texas zinataka namba mbili, Florida na Arizona ya nyuma tu.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kishikio cha gundi. Bampa hufutwa kwa spiriti hadi mafuta na nta viishe, katikati hupimwa na kutiwa alama kwa selotepu ya karatasi, kisha kishikio hukandamizwa kwa nguvu. Gari lisioshwe siku hiyo, kwani gundi huchukua muda kushika. Ya pili ni skrubu: hukaza sana, lakini huacha matundu ya kudumu. Ya tatu ni kishikio kinachoingia kwenye tundu la ndoano ya kuvutia gari. Bampa haitobolewi, ila namba hukaa pembeni, na kishikio lazima kitolewe gari likihitaji kuvutwa.

Kabla ya yote, sensa za bampa zitafutwe, pamoja na rada ikiwepo. Kibao cha bati kikiziba rada, breki ya dharura inaweza kushindwa kutambua kilicho mbele.