Kusifu Mapokeo Bila ya Kuyasikiliza: Nakuru, Waandishi Wake na Wahakiki Wao

Umezuka katika uhakiki wa fasihi ya Kiafrika mtindo wa kuwasherehekea waandishi weusi wa leo kwa kifungu kimoja kilichokwisha chakaa: kwamba mwandishi fulani amechota katika kisima cha mapokeo simulizi. Kifungu hicho huandikwa juu ya mwandishi wa Lagos na wa Kingston, wa Harare na wa Nakuru, bila ya kubadilishwa herufi. Msomaji haambiwi ni kisima kipi, kilichimbwa na nani, wala maji yake yana ladha gani. Haelezwi utanzu, lugha, fanani wala hadhira. Sifa ya namna hii haina uzito wowote. Ni njia ya heshima ya kukwepa kusoma. Na katika Bonde la Ufa la kati, ambako masimulizi yamewahi kuzaa riwaya na yamewahi pia kuchoma nyumba, ukwepaji huo una gharama.

Kosa hili lina historia. Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na ile ya simulizi, iwekwe katikati ya mafunzo, dai lao lilikuwa dai la kazi. Walitaka watu waende vijijini, wajifunze lugha, wakusanye na kuchambua. Kazi hiyo ilifanyika kwa kiasi: Naomi Kipury alitoa mkusanyo wa fasihi simulizi ya Wamaasai 1983, Wanjiku Mukabi Kabira na Karega Mutahi wa Wagikuyu 1988, Ciarunji Chesaina wa Wakalenjin 1991. Vitabu hivyo vipo. Ila mhakiki wa riwaya ni nadra kuvifungua. Fasihi simulizi amemwachia mwalimu wa mwaka wa kwanza, kisha yeye huirudia kama kivumishi pale anapokosa la kusema juu ya fani.

Wahakiki wa fasihi ya Wamarekani weusi hawakuridhika na kivumishi. Mtu anayeandika juu ya Song of Solomon ya Toni Morrison (1977) hutarajiwa kuujua mghani wa Waafrika watumwa walioruka angani kurudi kwao, na kueleza mwandishi ameufanyia nini. Zora Neale Hurston, kabla ya kuchapisha Mules and Men 1935, alirudi Eatonville, Florida, mji alikokulia, akaketi na wasimulizi wa barazani. Haieleweki kwa nini mwandishi aliyeigusa Nakuru astahili kusomwa kwa uangalifu mdogo zaidi.

Chukua kwanza Caitaani Mutharaba-ini (1980), riwaya ambayo Ngugi aliiandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni. Husemwa ni riwaya ya Limuru na Ilmorog, na husahaulika kwamba Wariinga alilelewa Nakuru kwa mjomba wake, akasoma huko, akakutana huko na tajiri wa Ngorika, na ni huko alikotaka kujitupa mbele ya garimoshi. Anayeisimulia habari hii ni mcheza gicaandi. Hapa ndipo mhakiki wa sherehe anapoandika "mapokeo simulizi" na kwenda zake. Gicaandi, hata hivyo, ni utanzu wenye sheria zake: kibuyu kilichochorwa alama, na watu wawili wanaopimana maarifa kwa kuzifumbua alama hizo, mmoja akitega na mwingine akitegua. Kimani Njogu, katika utafiti wake wa 2004 juu ya ushairi kama majibizano, ameuweka utanzu huo kando ya kujibizana kwa washairi wa Kiswahili, na ulinganisho huo unafungua mlango mkubwa. Ikiwa msimulizi wa Ngugi ni mcheza gicaandi, basi riwaya yote ni nusu ya mazungumzo. Inamdai msomaji ajibu. Ndiyo maana kuna maana pia katika habari aliyoitoa Ngugi mwenyewe 1986, kwamba kitabu kilisomwa kwa sauti majumbani na katika vilabu vya pombe, msomaji akinyamaza glasi yake ikiisha mpaka ajaziwe. Hadhira ilikuwa imekiweka kitabu mahali pake. Anayeita haya yote "kisima" hajaona kibuyu.

Kwa Binyavanga Wainaina mambo yamegeuka, na ni kwake ambako kifungu kile kinadhihirisha ubatili wake. Alizaliwa Nakuru 1971, baba Mgikuyu na mama kutoka Uganda, akafariki Nairobi 2019. Katika kumbukumbu zake za 2011, One Day I Will Write About This Place, yupo mtoto aliyezungukwa na lugha za mji asizozielewa. Zote amezipa jina moja la kubuni, kimay. Kigikuyu, Kikamba, Kiganda, vyote ni kimay. Mapokeo hapa hayachotwi. Yanasikika kutoka upande wa pili wa ukuta, kama sherehe ya jirani ambayo mtoto hakualikwa. Mhakiki anayesema kwamba Wainaina alirithi usimulizi wa wazee amechukua pengo ambalo mwandishi alilieleza kwa uchungu na kwa ucheshi, akalibandika jina la urithi. Swali lenye faida ni jingine: mtoto asiyeelewa maneno hujifunza nini kutokana na sauti zake? Jibu linaelekea kuwa katika sentensi zake za Kiingereza, ambazo hukatika na kurukaruka kama mtu anayefuata gitaa la benga, na katika jarida la Kwani?, aliloanzisha na wenzake 2003, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Caine, ambalo liliipa Sheng nafasi ambayo idara nyingi za vyuo vikuu ziliinyima.

Mfano wa tatu ni Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani (2017). Kila mkazi wa Nakuru amewahi kusikia kisa cha Lord Egerton aliyejenga kasri Ngata, karibu na Njoro, kati ya 1938 na 1954, na husimuliwa kwamba lilikuwa la mwanamke ambaye hakulitaka. Kwamba aliiita nyumba ya kwanza banda la kuku. Kwamba bwana huyo tangu hapo hakutaka kuona mwanamke shambani mwake. Huu ni mghani wa mji, wenye matoleo mengi, unaosimuliwa na waongoza wageni, wanafunzi na madereva wa matatu. Kimani ameuhamishia katika jumba la mkoloni ambalo baadaye ni hoteli, akausukia ujenzi wa reli na ngoma ya mugithi, ile ya watu walioshikana kama mabehewa. Mapokeo ya riwaya hii hayahitaji moto wa kuni wala bibi kizee. Yana umri wa miongo michache na yanaendelea kutungwa. Kwa kuwa hayafanani na picha ya kijiji iliyomo kichwani mwa mhakiki, hayaoni.

Atatokea mtetezi wa sherehe na kudai kwamba sifa, hata ikiwa ya jumla, inahitajika ili kufidia dharau ya zamani. Ni kweli kwamba Njoro ilijulikana ulimwenguni kwanza kwa vitabu vya walowezi, Elspeth Huxley na Beryl Markham, ambamo Mwafrika husimama pembezoni mwa mandhari. Lakini tashtiti ya Wainaina ya 2005, iliyowafundisha wageni kwa kejeli namna ya kuiandika Afrika, ilishambulia orodha ya mambo yanayotarajiwa, na mhakiki anayedai kila mwandishi mweusi awe mjukuu wa msimulizi naye ana orodha yake.

Kuna jambo zito zaidi. Katika wilaya ya Nakuru, huko Molo na Olenguruone, machafuko ya 1992 yalitanguliwa na maneno: majirani waliitwa madoadoa, waliitwa kwekwe ya kung'olewa. Sitiari hizi zilikuwa na fanani, hadhira, jukwaa na mwitikio. Mwanafunzi yeyote wa utendaji angezitambua. Januari 2008 damu ilimwagika tena Nakuru na Naivasha, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilitaja mchango wa redio za lugha za mama katika kuchochea chuki. Toleo la tano la Kwani? lilijibu kwa kukusanya shuhuda za walioyapitia. Uhakiki unaoyachukulia mapokeo simulizi kuwa ni hekima tupu hauna zana ya kulisoma tukio hili. Hauwezi kueleza kwa nini utanzu uleule wa mafumbo unaomfurahisha mtaalamu kwenye riwaya uliweza kubeba amri ya kumfukuza mtu shambani kwake.

Tena vitabu vitatu vilivyotajwa vimetoka kwa wanaume watatu wenye nasaba ya Kigikuyu. Kuviita "sauti ya Bonde la Ufa", kama inavyopendwa kufanywa, ni kuwanyamazisha watu ambao majina yao ya mahali ndiyo yanayotumika: Naivasha ni neno la Wamaasai, waliohamishwa kutoka huko kwenda Laikipia kwa mkataba wa 1904. Wakalenjin wana ngano za zimwi chemosit, ambazo Chesaina na wengine wameziandika. Waogiek wa Mau walipopeleka madai yao mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, walizungumzia msitu, asali na mababu, na hukumu ya 26 Mei 2017 ikawapa haki. Hapo masimulizi ya wazee yalikuwa sehemu ya hoja ya ardhi. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada Njoro anaweza kuuona msitu wa Mau kutoka dirishani mwa maktaba. Tasnifu juu ya masimulizi hayo ingemdai kwanza ajifunze Kiogiek, na hiyo ni miaka miwili ya kazi kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza.