Kuona si kuruhusiwa kutumia

Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2000 inayompa mtu haki ya kuomba taarifa za serikali. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Kwa sheria ya hakimiliki ya 1978, maandishi rasmi ya sheria ni huru, ila ramani au kijitabu cha afya hubaki mali ya dola kwa miaka 50. Mkongomani wa Yeoville, Johannesburg, akitaka kukitafsiri kijitabu hicho kwa Kiswahili awagawie wenzake, sharti aombe ruhusa.

Uingereza ilitoa leseni huria ya serikali mwaka 2010. Tunaiomba Pretoria, na Dodoma na Nairobi pia, ziandike wazi: chukueni, tumieni, tajeni chanzo. Wananchi wamekwisha kulipia kwa kodi zao.