Kitufe Kisicho na Msikilizaji

Mwanafunzi anayejifunza kuunda michezo ya kompyuta hupata somo la uraia bila kulitarajia, siku anapoweka kitufe chake cha kwanza kwenye skrini. Katika Godot, injini ya michezo inayopatikana bila malipo, kazi hiyo huchukua dakika chache. Ukikibonyeza kitufe, hubadilika rangi, kisha hurudia hali yake. Kila dalili inakuambia kwamba umesikika, ilhali hakuna lililotendeka.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kitufe kinapobonyezwa hutoa ishara tu. Ishara hiyo haina nguvu mpaka mwandishi wa programu aiunganishe na kazi maalumu: fungua mlango, anza safari, simamisha chombo. Akisahau kuiunganisha, injini hailalamiki wala haionyeshi kosa. Ishara inatolewa, haina wa kuipokea, inapotea.

Kando ya ziwa letu, ishara isiyo na mpokeaji si suala la michezo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora siku ya gulio na kupinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Katika saa za mwanzo hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa uhakika ni wangapi waliokuwamo, kwa sababu mkatisha tiketi naye alikufa maji na mashine yenye kumbukumbu za tiketi ilipotea.

Tuitafakari mashine ile. Kila tiketi iliyokatwa ilikuwa kitufe kilichobonyezwa. Hesabu ilikuwapo, lakini ilisafiri pamoja na wale waliohesabiwa na ikazama nao. Laiti ingekuwa inafika kwa msimamizi wa nchi kavu mwenye mamlaka ya kuzuia safari, tiketi ya 102 ingekuwa amri ya kutoondoka. Nao huo haukuwa msiba wetu wa kwanza. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha ya majina. Katika miaka 22 tulipata mashine ya kuhesabu. Hatukupata msikilizaji wa hesabu.

Watasema tununue mitambo mipya. Mitambo ni muhimu, lakini kitufe kipya kisichounganishwa hutofautiana na cha zamani kwa rangi tu.

Ipo njia nyingine ya kugundua kwamba kitufe kimebonyezwa: programu huuliza yenyewe, pengine mara 60 kwa sekunde, “Je, kimebonyezwa?” Njia hii inafaa iwapo muulizaji hachoki. Akiuliza kwa nadra, mguso uliokuja na kuondoka kati ya swali na swali haumfikii kamwe. Viongozi wetu nao huuliza, ila huuliza wanapopita. Ndiyo maana wananchi huandika mabango na kuyainua barabarani msafara unapokaribia. Wanajua dirisha la kusikilizwa litafungwa vumbi litakapotulia.

Kosa la tatu ni gumu zaidi kuligundua. Kidirisha kisichoonekana kikilazwa juu ya kitufe, kinaweza kuumeza kila mguso kabla haujafika. Kitufe ni kizima na kimeunganishwa vema, lakini hakibonyezeki. Mtumishi wa umma anakifahamu kidirisha hiki kwa majina yake ya ofisini: “njoo kesho”, “faili halijashuka”, “mkuu yuko safarini”.

Ibara ya 21(2) ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Tunayo pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na mfumo wa e-Mrejesho unaomwezesha mwananchi kutuma malalamiko, maulizo, mapendekezo na pongezi kwa taasisi za umma. Ninauunga mkono mfumo huo, na kwa sababu hiyohiyo natahadharisha: ujumbe wa “limepokelewa” ni rangi ya kitufe. Haki ya raia huanza pale mtu mwenye dhamana anapolazimika kutenda na kumjibu.

Basi mtumishi wa umma, kabla ya kuzindua mfumo, taja cheo cha atakayepokea kila ishara, muda aliopewa, na nani atachukua nafasi yake asipokuwapo. Mwanaharakati, acha kuhesabu mifumo iliyozinduliwa. Uliza ni malalamiko mangapi yaliyozaa hatua. Nawe mwanafunzi, unapojaribu kazi yako usiiamini rangi. Fuata ishara mpaka mwisho wake.

Kigongo na Busisi sasa vimeunganishwa kwa daraja. Wakazi wa Ukara wao bado wanavuka maji. Anayekatiwa tiketi huko anastahili kujua kwamba nchi kavu yupo anayehesabu, na kwamba mtu huyo anaweza kusema “hapana” na chombo kikabaki gatini.