Nauli ya Lodwar

Ukihudhuria mkutano wa kikundi cha kijamii hapa Kaaleng, Turkana, huondoki bila kuona karatasi ya manila ukutani: maji, barabara, mifugo, karo, usalama, soko la kina mama. Kila aliyeinua mkono limeandikwa lake. Juma linalofuata anakuja mfadhili mwenye fedha za lishe, na lishe, ambayo haikutajwa na mtu, inapanda juu ya yote. Orodha isiyomkatalia yeyote haijapanga lolote.

Wapo waliothubutu kuchagua. Friends of Lake Turkana, shirika la Ikal Angelei, lingeweza kupigania kila shida ya wavuvi. Lilishika moja: bwawa la Gibe III kwenye mto Omo nchini Ethiopia, unaolipa ziwa sehemu kubwa kabisa ya maji yake. Humo namo likashika fedha, likazibana benki zilizofikiria kukopesha. Mwaka 2010 Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilijitoa. Bwawa lilizinduliwa hata hivyo, Desemba 2016, maana fedha zilipatikana kwingine. Hawakushinda, lakini wakuu wa benki walilazimika kuwajibu watu wa ziwani.

Sisi tushike lipi? Msimamo wa meza hii ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitaka jamii ijisajili na kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, ndipo ipate hati. Isiposajiliwa, ardhi inabaki mikononi mwa kaunti kama mdhamini, na fidia ikitoka inapokewa na kaunti kwa niaba yetu. Kisima, malisho, hata mafuta yakipatikana, vyote vitajadiliwa na mwenye hati.

Mama ambaye mbuzi wake wanakufa kwa kiu leo atauliza kama hati inanyweka. Ana haki. Basi kisima kidaiwe kwa wakati wake: mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayepiga kelele Juni anakuta hesabu zimekwisha pangwa.

Lodwar, makao makuu ya kaunti, ni mbali na nauli hutoka kwa mchango. Kikundi chenye uwezo wa kutuma wajumbe mara moja kwa mwaka hakiwezi kuwabebesha madai kumi. Kiwape moja, na kiwatume kabla ya tarehe.