Upatanisho wa Namba: Hoja kuhusu Data za Vihisi vya Roboti

Simula 67, iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliasisi upangaji wa programu kwa ngeli na vitu: ngeli ni kiolezo, na kitu ni zao lake, chenye data na kazi zake. Hata hivyo, programu za roboti mara nyingi hupokea kutoka kwenye kihisi namba tupu, kama vile 3. Je, ni mita au futi? Ilipimwa lini, na kutoka upande gani wa roboti?

Katika Kiswahili, mzizi -tatu huvaa kiambishi cha upatanisho: vitatu, mitatu, watatu. Sita, saba na tisa hazivai, wala -tatu katika ngeli ya N. Hapo nomino ikidondoka, msikilizaji hubaki akikisia.

Gharama ya kukisia inajulikana. Mwaka 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa kuwa programu moja ilitoa takwimu za msukumo kwa vizio vya paundi, na nyingine ikazisoma kuwa za nyutoni.

Yafaa basi kila kipimo kiwe kitu cha ngeli ya Kipimo, chenye thamani, kizio, wakati na mahali. Nazo ngeli za Umbali na Jotoridi zirithi kwayo. Kihisi cha mawimbi ya sauti na cha leza vyote vitoe Umbali, ili kimoja kikibadilishwa programu ya mwendo isiguswe. Baiti chache zitakazoongezeka ni bei nafuu ya maana.