Sababu Gani Wanatuambia Tungoje Miezi Tisa?



Nyuma ya ibada wamama wengi wananiuliza hivi: ikiwa surua ni ya hatari, sababu gani munganga anakataa kuchanja mutoto wa miezi mitatu? Wengine wanafikiri muuguzi anatafuta feza. Hapana. Sababu iko katika damu yako wewe mama.

Mama aliyepata surua zamani, ao aliyechanjwa, damu yake inabaki na vitu vidogo sana vya kupigana na ugonjwa ule. Wanganga wanaviita antikori. Zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, antikori zinapita katika kondo na kuingia kwa mutoto. Ndiyo maana anazaliwa tayari na ulinzi, hata mbele ya kuonja maziwa. Mutoto aliyezaliwa mbele miezi haijatimia anapata kidogo tu. Maziwa ya mama nayo yana ulinzi wake, na ni mukubwa, lakini zaidi unafanya kazi tumboni, juu ya kuhara. Haushiki nafasi ya chanjo ya surua.

Sasa angalieni vizuri. Ulinzi ule wa damu si wa mutoto mwenyewe, ni kitu cha kuazima. Mwili wake haujui kuutengeneza, na kila mwezi unapunguka. Ukichanja mutoto wakati ulinzi wa mama ungali mwingi, antikori zinaharibu chanjo mbele mwili wa mutoto haujajifunza kitu. Sindano imepita bure, mutoto amelia bure. Lakini ukikawia sana, ulinzi wa mama umekwisha, na surua inakuta nyumba haina mulango. Kati ya hatari hizo mbili ndipo walichagua miezi 9. Kwa umri huo, watoto karibu 85 kwa 100 wanapata ulinzi. Kwa miezi 12 ni karibu 95. Mutaniuliza: basi tungoje 12? Aa, kwetu surua haingoje! Kwa hiyo kuna chanjo ya pili, kusudi hata wale 15 waliobaki wapate. Na wakati ugonjwa umelipuka, wanaweza kuchanja tangu miezi 6, lakini ile haihesabiwe. Mutoto atarudia akifikisha miezi 9.

Wakati wa mimba wanakuchoma wewe sindano ya tetanosi kwa njia ile ile. Mwili wako unatengeneza ulinzi, unamupitishia mutoto, naye anazaliwa akiwa amelindwa kwa zile siku za kidonda cha kitovu.

Hatusemi mambo ya mbali. Katika mwaka 2019 surua ilipiga Haut-Katanga na majimbo mengine, ikaenea katika inchi yetu nzima. Mpaka ilipokwisha katika mwezi wa 8 wa 2020, wagonjwa walipita 380,000, na waliokufa walipita 7,000, wengi wao watoto wadogo.

Kwetu kwenye migodi taabu iko hii: tunahama. Baba anasikia habari ya kareri mupya, kesho jamaa nzima iko njiani na sufuria. Mutoto alipata chanjo za juma la 6, la 10 na la 14, lakini mwezi wa tisa ulimukuta porini, na fishi ya kilo ilibaki kwa nkambo. Baba, unapouliza kama kule shimo lina madini, uliza pia kituo cha afya kiko wapi.

Kuna tena ndugu wanaosema kwamba mutu wa maombi hachanji. Mimi ni mchungaji, nami sikubali. Huko Uholanzi, katika 2013, surua iliingia katika jamaa za Waprotestanti waliokataa chanjo kwa ajili ya imani. Wanganga walipima damu ya watoto 77 mbele ya ugonjwa na nyuma yake, na mwaka 2019 wakatangaza walichoona: surua ilikuwa imefuta kati ya 11 na 73 kwa 100 ya antikori ambazo watoto wale walikuwa nazo juu ya magonjwa mengine. Walipona surua, lakini mwili ulikuwa umesahau mambo mengi uliyojifunza. Na wale walikuwa watoto wa kushiba, wenye hospitali karibu. Yule wetu anayekula bukari mara moja kwa siku, je?

Fishi ikipotea, usiogope kukaripiwa. Nenda kwenye kituo chochote siku ya kilo, eleza unachokumbuka. Kama mutoto amepita miezi 9, hata ana miaka miwili, bado anaweza kuchanjwa. Na kama alikwisha kupata ile ya surua wewe ukasahau, kurudia hakutamuzuru.